Nina miaka 41, nataka kujiunga na darasa la uigizaji la wanaoanza. Nitaaibika?

Bi_Hesabu

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho ndo mcheke. Mimi ni mhasibu, nipo Dar, umri 41, watoto wawili, na tangu niko binti mdogo nina kiu ya kuigiza ila nyumbani kwetu ukisema unataka kuigiza unaulizwa masomo yamekushinda au, basi nikasoma mahesabu, nikaajiriwa, maisha yakaenda. Sitafuti umaarufu jamani, sitaki kutokea kwenye tv, mume wangu anajua (amecheka sana ila anajua na amesema nenda).

Sasa kuna tangazo nimeliona la warsha ya watu wazima wanaoanza kabisa, Jumamosi asubuhi masaa matatu, wiki nane, laki moja na nusu, mwisho kuna onyesho dogo la kualika ndugu na marafiki. Hela ninayo. Kinachonitisha ni kwamba mimi ni mtu wa kukakamaa, kwenye sherehe za ofisi nikipewa maiki nisome risala tu mikono inatetemeka, sasa sijui huko wanaanza na nini, watanisimamisha mbele waniambie "lia"? Nitakuta vitoto vya miaka ishirini vyenye mbwembwe za tiktok alafu mimi mama mtu mzima nakuwa kichekesho? Na nitajuaje kama hawa siyo matapeli, maana hii fani nasikia imejaa. Aliyewahi kupita naomba anieleze kinachofanyika humo ndani kweli kweli, siyo maneno ya kwenye bango.

Kijana_wa_Tandika

Dada kama hawajakuahidi muvi we nenda, matapeli hawawezi kukuuzia darasa la wiki nane, wanakuuzia ndoto ya siku moja. Nakwambia hivo kwa sababu mimi nilishaliwa. Kuna jamaa walitangaza odisheni ya tamthilia, fomu elfu ishirini, tukajaa watu uwanja wa shule kuanzia saa moja asubuhi, jua linachoma, ukifika mbele kuna meza ina watu watatu wanachezea simu, unaambiwa jina, umri, haya lia. Unalia. "Asante, tutakupigia." Mpaka leo hawajapiga na hiyo tamthilia sijaiona chaneli yoyote. Tena kuna dada alikuwa mbele yangu alilia kweli mpaka akashindwa kunyamaza, wakamwambia apishe wengine.

Kwa hiyo alama ya kwanza, anayekuuzia fomu ya usaili mkimbie. Anayekuambia atakufundisha na hana cha kukuahidi zaidi ya hapo, huyo msikilize.

mama_wawili_Kimara

Bi Hesabu njoo hapa tukae, mimi nilipita darasa kama hilo, siyo hao uliowaona, ila ni vilevile tu Jumamosi Jumamosi. Nilikuwa naingia na miaka 36 nikidhani mimi ndo bibi, nikakuta kuna baba mstaafu wa bandarini, kuna nesi, kuna mwalimu wa sekondari, kuna kijana wa bajaji aliyekuwa anaipaki nje na kila dakika kumi anachungulia dirishani kama ipo. Hao vijana wa mbwembwe walikuwepo wawili na nikwambie ukweli wao ndo waliopata tabu kuliko sisi, maana wamezoea kujiangalia kwenye kamera, ukiwaambia mwangalie mwenzako machoni wanashindwa.

Siku ya kwanza hakuna aliyesimama mbele ya mtu. Viti vilisukumwa ukutani, tukavua viatu, tukaambiwa tembeeni tu humu ukumbini, jazeni nafasi, msigongane. Mwalimu anapiga kofi tunasimama wote, anapiga tena tunaendelea. Baadae anaacha kupiga, tunatakiwa tusimame wote kwa pamoja bila mtu kuamrisha, ujue inawezekana?? Unaanza kuwasikia wenzako kwa mgongo. Alafu majina, kila mtu anasema jina lake na kitendo cha mwili wote wanarudia. Baba wa bandarini alifanya kitendo cha kuvuta kamba ya meli, darasa zima tukavuta, aibu ikafia pale.

Zoezi lililonikamata lilikuwa la chungwa. Unakaa, mkononi huna kitu, unaambiwa menya chungwa ule. Mimi nikasema hii rahisi, nikazungusha mkono nikala nikamaliza. Mwalimu akanisogelea taratibu, "maganda umeweka wapi?" Sikuwa nimeweka popote. "Na kisu?" Kisu kiliyeyuka. "Mbegu umemeza?" Watu wamevunjika mbavu na mimi mwenyewe nimo. Tukarudia, safari hii nikaanza kwa kulitafuta lililoiva, nikalibonyeza, nikakumbuka mama yangu alikuwa anamenya ganda lote liwe utepe mmoja lisikatike, nikawa napigania utepe usikatike, maji yakaniingia kwenye kidonda cha kidole (kidonda ambacho sina). Nilipomaliza ukumbi ulikuwa kimya wananiangalia na sikuwa nimewaona kabisa. Mikono haikutetemeka hata kidogo, ilikuwa na kazi.

Kulia hatukuambiwa mpaka kozi inaisha.

Fundi_wa_Jukwaa

Nafundisha madarasa ya namna hii, siyo hao unaowasema wala sina tangazo hapa, kwa hiyo niongezee pale mama wawili alipoishia maana amegusa penyewe.

Mikono kutetemeka kwenye risala na mikono kutulia kwenye chungwa, tofauti yake siyo ujasiri. Kwenye risala huna kazi nyingine zaidi ya kuangaliwa. Kwenye chungwa una kitu unakitafuta. Darasa zuri la wanaoanza karibu lote limejengwa juu ya hilo tu, kumpa mtu mzima kitu cha kufanya mpaka asahau kujilinda. Yule Mrusi Stanislavski, ambae na mwenzake walianzisha ukumbi wa Moscow Art Theatre mwaka 1898 na kila mwalimu wa uigizaji duniani ama anamfuata ama anabishana nae, swali lake kwa mwigizaji lilikuwa jepesi kulisema: ningekuwa mimi kwenye hali hii ningefanya nini? Hajauliza ningejisikiaje. Hisia ukizifukuza zinakimbia, ukishughulika na jambo zinakuja zenyewe na zikija hazipigi hodi.

Kwa hiyo suala la "lia". Sisi wabongo tumezoea kupima msanii kwa machozi, akitoa machozi tunasema huyu ameuvaa uhusika, na ndo maana hao matapeli wa Tandika wanajua kabisa wakuombe nini ili uone usaili ni wa kweli. Mwalimu anaemwambia mtu wa siku ya kwanza alie hajui kazi yake, nalisema wazi. Kinachomtofautisha anaejua na asiyejua ni KUSIKILIZA. Mtu mpya ukimpa sini (kipande cha mchezo), mwenzake anaongea yeye midomo inacheza anarudia mstari wake kichwani anasubiri zamu, na mtazamaji wa nyuma kabisa anaona.

Kuna zoezi la Sanford Meisner, mwalimu wa uigizaji wa Marekani, huwa nalifanya wiki ya pili au ya tatu. Wawili mnakaa mnatazamana. Mmoja anasema kitu anachokiona kwa mwenzake, "una saa mkononi". Mwenzake anarudia, "nina saa mkononi". Una saa mkononi. Nina saa mkononi. Hakuna kuongeza neno, hakuna kuchekesha. Dakika ya kwanza watu wanaona upuuzi. Baadae maneno yanachujuka yanabaki sauti na uso tu, na hapo unaanza kusikia: sasa ameudhika, sasa anabana kicheko, sasa kuna kitu kimemuuma. Nilikuwa na mama mmoja na kijana wa miaka kama 23, walianza na "umekunja uso", wakafika mahali kijana machozi yanamlenga na hakuna aliyemwambia afanye hivo. Ndo hapo namaliza zoezi haraka nawapa maji wakapumzike, maana darasa siyo sehemu ya kutibu watu.

Na hii michezo ya kutembea ukumbini na ya kioo (mmoja anafanya mwingine anamfuata mpaka haijulikani nani anaongoza), mingi asili yake ni Viola Spolin wa Chicago, aliyekuwa anafanya kazi na watoto na watu wa mitaa ya wahamiaji ambao hata lugha haikuwa moja, hauwezi kuwapa mhadhara, unawapa mchezo wenye sharti na tatizo la kutatua. Mwanae Paul Sills akaja kuwa mmoja wa walioanzisha Second City mwaka 1959, kundi la vichekesho vya kubuni papo hapo. Nalisema hili kwa sababu kuna watu wakiona watu wazima wanacheza wanasema tumelipia chekechea. Muulize mwalimu kila mchezo unafundisha nini, akishindwa kujibu basi kweli umelipia chekechea.

Chapakazi_Bwm

Mimi ntatofautiana na wote. Wiki nane mara masaa matatu ni masaa 24, we ni mhasibu piga mwenyewe, hiyo ni siku moja tu ya maisha yako. Utatoka na picha za whatsapp na cheti. Sanaa ya jukwaa ni mwili, nenda Bagamoyo pale TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni), tangu kikiitwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981 mtu anaekwenda kusoma maonyesho anakutana na ngoma, muziki na sarakasi humo humo. Mwigizaji asiyejua kukanyaga sindimba anasimamaje jukwaani? Hawa wa mjini wanafundisha uso tu kwa sababu wanafikiria kamera. Warusi na Wamarekani mmewataja, bibi zetu hamjawataja hata mmoja.

Fundi_wa_Jukwaa

Chapakazi hapo kwa bibi umenipata na sibishi. Mtambaji wa hadithi anafanya sauti tano bila kuinuka kwenye kigoda, na "paukwa" inataka "pakawa", asipojibiwa haendelei, hiyo ni kusikilizana ambako Meisner amekutafuta maisha yake yote. Mimi mwenyewe siku ya kwanza naanzia hapo, tunapasha mwili kwa ngoma kabla ya mchezo wowote.

Ila ushauri wako haumfai aliyeuliza. Mama ana kazi na watoto, anaachaje ofisi kwenda kusoma stashahada? Bagamoyo wana kozi fupi pia, aulizie, ila kutoka Dar ni kilomita kama 70 na foleni ya Tegeta unaijua. Na lengo la masaa 24 siyo kutoa msanii. Ni mtu ajue kama hii kitu anaipenda kweli au alikuwa anapenda picha yake akilini. Theluthi ya darasa huwa wanagundua hawaipendi, wanaondoka na amani yao, na hiyo naona ni faida ya haki kabisa.

Limuru_Boy

Niaje majirani. Mi niko huku Kenya nafanya kazi ya ofisi na uigizaji ni wa wikendi. Kuhusu umri naona Bi Hesabu anajisumbua bure. Hapa kwetu kijiji cha Kamiriithu, Limuru, mwaka wa 1977, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulichezwa na wakulima na wafanyakazi wa viwanda, wazee kwa vijana, wengi hawakuwa wameingia thieta hata siku moja, na thieta yenyewe waliijenga kwa mikono yao. Mazoezi yalikuwa wazi, mtu anapita anasimama anasema hapana, mzee hawezi ongea hivyo, mnakosea, na wanabadilisha. Watu walijaa mpaka serikali ikafuta leseni Novemba mwaka huo huo, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa akawekwa kizuizini. Sasa mtu aniambie eti watu wazima wanaoanza ni wa kuchekewa. Hao walitisha serikali.

Kitu kingine, huku kwetu mtu akitaka kuzoea jukwaa haraka anaingia kwa vikundi vya setibuku, hizi zinazozunguka shule zikiigiza vitabu vya mtihani. Pesa ni kidogo na basi linawaacha njiani, lakini ukicheza mbele ya wanafunzi mia sita walioboeka, mchana, bila spika, utajifunza kutupa sauti upende usipende. Nashangaa Bongo sisikii sana mkifanya.

mama_wawili_Kimara

Limuru Boy hao wanafunzi mia sita nipishe kabisa 😂

Bi Hesabu nimekumbuka jingine, ubunifu wa papo kwa papo. Hapo ndo nilipoogopa zaidi kuliko skripti. Mnapewa hali tu, kwa mfano mwenye nyumba amekuja kudai kodi. Kijana wa bajaji akaingia akaniambia "mama kodi yangu ya miezi mitatu", mimi kwa woga nikamjibu "mimi siyo mpangaji wako, umekosea nyumba". Imekufa hapo hapo, hana pa kwenda. Sheria wanayofundisha ni ukubali mwenzako alichokileta alafu uongeze. Tukarudia, nikamwambia "kodi nimekutumia kwenye simu asubuhi", nae akatoa simu (mkono mtupu) akasoma "umepokea shilingi elfu mbili", tukaenda hivo dakika nne watu hawana mbavu. Hakuna aliyejua mwisho wake utakuwaje na hiyo ndo raha yake.

Nilianza kuitumia nyumbani kwa watoto, badala ya kuwakatalia hadithi zao nakubali naongeza. Mume anasema nimekuwa kama wao.

Kijana_wa_Tandika

Nimeulizwa inbox kama kuna mtu anaetaka sauti tu bila sura. Ipo, hizi tamthilia za Kituruki na Kichina zinazoingizwa Kiswahili zimewapa watu wengi kazi ya sauti, lakini hata hao wanachukua anaejua kuigiza, siyo mwenye sauti nzuri ya redioni. Sauti nzuri inayosoma inajulikana sekunde ya pili.

Bi_Hesabu

Jamani sikutegemea kusaidiwa hivi, nimesoma yote na chungwa nimejaribu jikoni (ganda lilikatika). Jana nimewapigia wale wa tangazo. Niliuliza ntapata nafasi gani nikimaliza, mdada akacheka akasema "hakuna nafasi, ni darasa tu", kwa kipimo cha Tandika naona wamepita. Wanachukua watu wasiozidi 14. Nikauliza naweza kuja kuangalia kwanza, akasema kuangalia tu haruhusu kwa sababu waliomo wanabanwa wakiona mtu amekaa anawatazama, ila siku ya kwanza naweza kushiriki bila kulipa na nisipopenda niondoke. Fundi hiyo imekaaje?

Na lingine naona aibu kuuliza, mimi nafunga hijabu, na hayo mambo ya kulala chini na kushikana na wanaume nisiowajua inakuwaje? Nikisema sitaki nitaonekana naleta masharti?

Fundi_wa_Jukwaa

Hiyo ya kukataa watazamaji ni alama nzuri sana, kuliko angekukubalia. Na 14 ni sawa, ikizidi 16 mwalimu mmoja hawezi kumwona kila mtu na wale wakimya wanapotea ukutani.

Hijabu haina shida yoyote, wanafunzi wangu wengi wanafunga. Ifunge ya kitambaa chepesi cha kuvutika, pini weka chache au acha kabisa maana kuna kulala chali na kuviringika, vaa suruali pana na gauni juu yake fupi kidogo usije ukajikanyaga, dera liache nyumbani. Raba au peku. Kula kitu chepesi, mazoezi ya pumzi na tumbo la pilau havipatani.

Kuhusu kushikana, mwambie mwalimu kabla hamjaanza, wewe na yeye pembeni: sishikwi na wanaume, nipangie na wanawake kwenye mazoezi ya kugusana. Sentensi moja, huna haja ya kujieleza. Mazoezi mengi ya kioo, ya kurudia na ya chungwa hayana kugusana kabisa, na yenye kugusana yote yana njia mbadala, kijiti cha mianzi katikati ya vidole vya watu wawili kinafanya kazi kuliko hata mikono. Mwalimu mzuri atauliza darasa zima hilo swali kabla hujamwambia. Akikukunjia uso, au akakwambia msanii wa kweli hana mipaka, chukua begi lako uondoke, siku ya kwanza si ni bure.

Na skripti za onyesho la mwisho wakianza kugawa omba ndogo. Mistari kumi unayoisikiliza inatosha kabisa.

Kijana_wa_Tandika

Tunasubiri mrejesho Bi Hesabu. Na kama bado kuna nafasi kwenye hao 14 nitumie namba yao inbox, mimi nilishalia bure mara moja, sasa hivi natafuta wa kunifundisha.